Nimeshaungama. Fedha ya mwenzangu niirudishe?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mwaka jana mimi na jirani yangu tuliuza pamoja ndoo 12 za asali. Nikamdanganya kuwa bei imeshuka, nikabaki na Sh 120,000 zake. Nimeungama, padre ameniondolea dhambi, malipizi nimesali. Je, bado nina deni? Yeye hajui lolote.
Msomaji, Sikonge, Tabora

JIBU: Milele na milele, amina. Deni unalo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inafundisha kuwa ondoleo hufuta dhambi lakini halitengenezi yote yaliyoharibika; aliyeiba sharti arudishe. Sala za malipizi si malipo ya asali. Na anayeungama huku amekusudia kubaki na fedha, hali uwezo wa kurudisha anao, majuto yake yana walakini.

Kiasi gani? Hesabu 5:7 inataka mali yote pamoja na sehemu ya tano juu yake. Kwako ni 120,000 na 24,000, jumla 144,000. Torati hiyo haikubani, ila ni kipimo kizuri, maana fedha yake imekaa kwako mwaka mzima. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili ya Luka, alijipangia mwenyewe kurudisha mara nne; Yesu hakumtajia kiwango.

Si lazima ujitaje. Unaweza kumwomba padre kwenye maungamo aifikishe, naye amefungwa na siri ya maungamo. Hapo haki imetimia, lakini kupatana bado. Mathayo 5:23-24 inamtuma yule ambaye ndugu yake "ana neno juu yake", yaani mkosaji, aende mwenyewe. Sisi tungekushauri uende. Mnunuzi wa asali naye ana mdomo.

Nenda peke yako, fedha mkononi. Taja kiasi na uongo uliosema. "Kama nilikukosea, nisamehe" haifai, inamwachia yeye kazi ya kukisia. Usitangulize mwenyekiti wa jumuiya. Usimtumie kwa simu kimyakimya pia, atadhani muamala umekosewa njia. Ukishasema, nyamaza, umwache akasirike. Msamaha hauna tarehe ya mwisho.

Kama fedha hazijatimia, peleka ulizonazo na mpatane siku ya kumalizia. Akiwa amefariki, wapewe warithi wake. Wasipokuwapo kabisa, maskini.