Mimba imefika kitovuni: maswali yenu ya wiki ya 20

Barua za safari hii zimetoka zaidi kwa walio katikati, mimba ya miezi minne na nusu hadi mitano. Nawajibu kama ninavyowajibu chumba cha kliniki, nikiwa mkunga.

Dada mkunga, kliniki wamemwandikia mke wangu wiki 20. Mimi nilirudi kutoka kazini wiki 18 zilizopita, kabla ya hapo sikuwepo. Silali. (Baba mtarajiwa, Morogoro)

Kaka, lala. Hesabu ya kliniki haianzii siku mliyokutana, inaanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa kuwa hiyo ndiyo tarehe mwanamke anayoikumbuka. Siku yai linapopevuka hakuna anayeiona. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28, yai hupevuka kama wiki mbili baada ya hedhi kuanza. Kwa hiyo mimba ikiitwa ya wiki 20, mtoto mwenyewe ana kama wiki 18. Hesabu yako na ya kadi zinakubaliana. Nimeona nyumba zikiingia maneno kwa sababu ya hizi wiki mbili, na inaniuma kila mara, maana dakika tano za kuelezwa zingetosha. Kliniki ijayo nenda naye, umuulize muuguzi mbele ya mkeo.

Shikamoo. Ni mimba yangu ya kwanza, naelekea wiki ya 20. Rafiki yangu tunalingana wiki, anasema wake anacheza tangu mwezi uliopita. Wangu kimya. (Tabata)

Marahaba, mdogo wangu. Muulize rafiki yako kama naye ni mimba ya kwanza. Aliyewahi kuzaa anaweza kumtambua mtoto tangu wiki ya 16. Wa mara ya kwanza mara nyingi ni wiki ya 18 hadi 20, na wapo wanaochelewa zaidi. Mtoto wako anacheza, ila bado ni mdogo: kama sentimita 25 kutoka utosini hadi kisiginoni, uzito wa robo ya sukari na ziada kidogo. Tena kondo la nyuma likijishika upande wa mbele, linakaa kama mto kati ya ngozi yako na miguu yake.

Usingojee teke. Mwanzoni ni kama kope inayochezacheza, au kiputo kinachopita chini ya kitovu, na wengi hudhani ni gesi. Jioni ukishakula, lala kwa ubavu, weka simu mbali, tulia. Ukifika wiki ya 24 hujasikia kitu, nenda wakasikilize mapigo yake. Na akishazoea kucheza halafu ukaona amepunguza, nenda siku hiyo hiyo.

Kichefuchefu kimekwisha, nakula, nalala, sina shida. Foleni kliniki ni nusu siku na mimi nina genge. Nikirudi mimba ikiwa ya miezi saba kuna ubaya? (Mwanza)

Upo, mama, na hapa naomba unisikilize. Miezi hii ya kujisikia vizuri ndiyo kina mama wanapoacha kuja. Presha ya mimba kwa kawaida hujitokeza kuanzia wiki ya 20 na kuendelea, na mwanzoni haiumi popote. Mama anapanga nyanya, anacheka na wateja, presha iko juu. Inayoibaini ni mashine ya presha na kile kikopo cha mkojo, unaopimwa protini. Isipobainika inaweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, na kifafa kinaua mama na mtoto.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipandisha mahudhurio ya kliniki kutoka manne hadi manane, na la pili limepangwa wiki ya 20. Siku hiyo mkunga atakubonyeza taratibu kwa ubavu wa kiganja, akishuka, hadi akutane na ukingo wa mji wa mimba. Wiki hii unakuwa karibu usawa wa kitovu. Ataweka kile kijitarumbeta cha kusikilizia, aweke sikio, anyamaze. Utaona uso wake anapoyapata mapigo.

Usiondoke bila vidonge vyako vitatu vya SP vya kuzuia malaria, unavyomeza mbele ya muuguzi. Dozi zinapishana mwezi, zisipungue tatu kabla hujajifungua. Anayetumia Septrin kwa sababu ya VVU hapewi SP, aseme mapema. Genge mwachie jirani siku hiyo moja.

Ultrasaundi imeonyesha kondo la nyuma limekaa chini. Ndiyo nitapasuliwa? (Tanga)

Bado mapema kusema hivyo. Mji wa mimba unavyokua, sehemu yake ya chini inanyooka na kondo linapanda nayo. Kwa wengi linapanda. Rudia kipimo karibu wiki ya 32, hapo ndipo uamuzi unapokaribia. Kwa sasa, damu ikitoka, hata kidogo, hata bila maumivu, nenda hospitali, na umwambie anayekupokea kwamba kondo lako liko chini kabla hajakupima ukeni.

Nakula udongo kila siku, siwezi kuacha. (Dodoma)

Sikulaumu. Hamu hiyo mara nyingi huendana na upungufu wa damu, na udongo wenyewe unaweza kukuletea minyoo. Pima wingi wa damu, ulizia dawa ya minyoo, meza vidonge vya kuongeza damu kila siku. Usivimeze na chai, chai inazuia madini ya chuma. Chungwa linasaidia. Choo kikiwa cheusi, ni vidonge.

Nikigeuka kitandani kinena kinavuta ghafla, halafu kinaacha. (Mbagala)

Ni kano zinazoshikilia mji wa mimba, zinatanuka. Geuka polepole, magoti ukiwa umeyakunja. Lakini maumivu yakija na kuondoka kwa mpangilio, maji yakivuja, ukipata homa, kichwa kikali, macho kuona ukungu au uso kuvimba, usisubiri tarehe ya kwenye kadi. Nenda hata usiku.