Uyoga si mmea, kaka
Kaka, umesema shakwe na uyoga wa kichuguu havilinganishiki kwa kuwa mmoja ni ndege na mwingine ni mmea. Uyoga si mmea! Kiukoo uko karibu zaidi na wanyama. Wala shakwe wala uyoga, hakuna anayejipikia chakula kwa jua kama majani. Shakwe hapa Tanga hugombea matumbo ya samaki pwani. Uyoga hulishwa na mchwa, wanaoingiza majani makavu kichuguuni, nao unayalainisha mpaka mchwa wenyewe waweze kuyala. Ila shakwe ana ajabu yake: hunywa maji ya bahari. Akitua kwenye ngalawa mtazame kwa karibu, huenda ukaona tone linaning'inia ncha ya mdomo. Ni maji ya chumvi kali, yamechujwa na tezi zilizo juu ya macho yakatokea puani.