Walihudhuria, walishiriki au walishirikishwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji huku Rungwe. Kwenye muhtasari wa mkutano mkuu tuliandika, "wananchi walishirikishwa kupanga ukarabati wa barabara." Mzee mmoja akasimama: "Futeni hilo. Mimi nilihudhuria tu." Je, amekosea?

JIBU: Marahaba. Hakukosea hata kidogo.

Kuhudhuria ni kuwapo; limetoka shina moja na hadhara na hadhira. Ukishasaini daftari la mahudhurio umehudhuria, hata kama ulisinzia mpaka kikao kikafungwa. Kushiriki ni zaidi ya hapo. Ni ndugu wa ushirika, na ninyi wakulima wa chai ushirika mnaujua kuliko mimi niliyeko Iringa mjini: mwanaushirika ana fungu lake, anahoji bei, anapiga kura, na hasara ikija inamgusa. Anayeshiriki ana sehemu yake katika jambo.

Kushirikisha nako ni kumpa mtu nafasi hiyo. Katiba ya 1977 inayatumia maneno yote mawili. Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki katika shughuli za utawala wa nchi, ama moja kwa moja au kupitia wawakilishi. Hapo mtenda ni raia mwenyewe. Ibara ya 146 inavipa vyombo vya serikali za mitaa haki na mamlaka ya kushiriki na kuwashirikisha wananchi. Hapo mtenda ni ofisi.

Kwa hiyo "walishirikishwa" kisarufi ni sahihi. Ninachokipinga ni kulitumia kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria, kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano huo. Mkutano ni wake. Mwenye nyumba hakaribishwi kwake, na mkimwandika kwa -ishwa mmeshamgeuza mgeni wa halmashauri. Nadhani hicho ndicho kilichomuuma mzee wenu, na ningefurahi kumsikia akirudia maneno yale kikao kijacho.

Basi andikeni kilichotokea. Kwa mfano: "Walihudhuria wananchi 140. Tisa walichangia hoja. Mkutano ulikataa kuanzia barabara kuu, ukaamua kazi ianzie darajani." Hapo msomaji anaona ushiriki hata neno lenyewe lisipotajwa. Ila msiandike "walichangia" pekee mkaacha "hoja", maana kijijini neno hilo likisimama peke yake watu wataelewa ni fedha.