Kijiti si cha walioshindwa

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu yuko kidato cha tatu na amekuwa akikimbia mita 100 tangu michezo ya UMITASHUMTA. Mwaka huu mwalimu wake wa michezo amemwingiza katika timu ya wasichana wanne wanaopokezana kijiti, kila mmoja mita 100, na amempangia nafasi ya tatu. Baba yake mdogo anasema kijiti ni cha walioshindwa kutamba peke yao, na kwamba nafasi ya tatu ni ya kumficha aliye dhaifu. Binti amevunjika moyo. Je, msichana anaweza kufika mbali kwa njia hiyo?

*Mama msomaji, Ujiji, Kigoma*

JIBU: Mama, huenda mwalimu amemwona binti yako vizuri zaidi kuliko baba yake mdogo. Mkimbiaji wa kwanza hutoa kijiti tu na wa nne hupokea tu, lakini wa tatu hupokea, hukimbia kona ya pili ya uwanja, kisha hukabidhi. Kwa kawaida hukishika kwa mkono wa kulia ili aweze kuikumbatia kona karibu na mstari wa ndani, na humpa mwenzake katika mkono wa kushoto. Hapo si mahali pa kumficha mtu.

Katika Olimpiki ya London mwaka 2012, wanawake wa Marekani walimaliza kwa sekunde 40.82 na kuifuta rekodi ya dunia ya Ujerumani Mashariki, sekunde 41.37, iliyokuwa imedumu tangu 1985. Aliyekimbia nafasi ya tatu siku hiyo ni Bianca Knight, ambaye hakuwa na mbio nyingine yoyote katika michezo hiyo, naye akarudi nyumbani na dhahabu sawa na wenzake. Ukiugawa muda wao kwa wanne, kila mmoja anapata sekunde 10.2 hivi, ilhali rekodi ya dunia ya mwanamke anayekimbia mita 100 peke yake ni 10.49. Sababu ni kwamba watatu kati yao hupokea kijiti wakiwa tayari wameshika kasi. Anayepokea huanza kukimbia pale mwenzake anapofika kwenye alama waliyokubaliana, na kijiti lazima kibadilishane mikono ndani ya eneo la mita 30. Akichelewa kuondoka, timu inapoteza kasi. Akiwahi mno, kijiti hakimfikii na timu inaondolewa. Kwa hiyo wanne wenye kasi ya wastani waliozoeana huweza kuwashinda wanne wenye kasi zaidi waliokutana jana.

Kuhusu kufika mbali, mtazameni Allyson Felix wa Marekani. Kati ya dhahabu zake saba za Olimpiki, sita ni za kijiti; ya mbio za peke yake ni moja tu, ya mita 200 mwaka 2012. Karibu na kwetu, wanawake wa Nigeria walipata shaba ya kijiti Barcelona mwaka 1992. Aidha, anayekimbia hatua ya mchujo pekee naye hupewa medali timu yake ikishinda, jambo ambalo kwa maoni yangu ni la haki kabisa.

Hata hivyo, sitaki kumdanganya binti. Hapa Tanzania jina la riadha limejengwa zaidi na mbio ndefu, na wanariadha wengi wanaopata ajira katika JWTZ, JKT, Polisi au Magereza huonekana kwanza kwa matokeo yao binafsi. Asiache mita 100, na aongeze mita 200, ambayo nusu yake ni kona ileile anayofundishwa sasa. Akiwa na pumzi ya mita 400, mlango unapanuka zaidi, kwa kuwa kuna kijiti cha mita 400 kwa kila mkimbiaji, cha wanawake na kile cha mchanganyiko wa wanawake na wanaume, kilichoingia Olimpiki katika michezo ya Tokyo.

Kwa sasa amwombe mwalimu muda wa kufanya mazoezi na wasichana wawili tu, yule wa nafasi ya pili na yule wa nne. Kiwanja cha vumbi, chokaa ya kuchorea mistari na kipande cha bomba chepesi cha sentimita 30 vinatosha. Waanze kwa kukabidhiana wakitembea, kisha wakikimbia polepole, na kasi kamili ije baadaye, wakihesabu ni mara ngapi kijiti kimepita bila anayepokea kugeuza shingo.