Kufumbua na Kuhakiki Fumbo la Maneno la Gazeti: Ushauri kwa Wanaoanza

Wengi wanaoanza kufumbua mafumbo ya maneno ya magazeti ya kila siku, yale ya jedwali la visanduku ambamo majibu ya mlalo na ya wima hukatana, hudhani kwamba kinachowaangusha ni uchache wa msamiati. Msamiati una nafasi yake, lakini katika muda wote ambao nimefumbua mafumbo haya na kuyaandikia uhakiki, nimeona kwamba wanaopiga hatua haraka ni wale wanaolirudia fumbo baada ya kulimaliza, wakajiuliza kila jibu lilipatikanaje na kila kosa lilitoka wapi. Kazi hiyo ya kurudia ndiyo ninayoipa uzito, ingawa msingi wake huwekwa wakati wa kufumbua.

Anza na siku nyepesi. Baadhi ya magazeti hupandisha ugumu kadiri wiki inavyosonga: katika The New York Times, fumbo la Jumatatu ndilo rahisi kuliko yote na la Jumamosi ndilo gumu kuliko yote, ilhali la Jumapili hutisha kwa ukubwa wake tu, kwa kuwa huwa na visanduku 21 kwa 21 badala ya 15 kwa 15. Hakuna aibu yoyote katika kukaa na Jumatatu hadi uizoee.

Dokezo lisomwe kwa sarufi yake kabla ya kusomwa kwa maana yake. Jibu halali hulingana na dokezo kwa umoja na wingi, kwa wakati wa kitenzi na kwa aina ya neno. Dokezo likisema "kuacha kazi kwa hiari", herufi 9, unaweza kuandika KU kwa penseli kabla hujakumbuka KUJIUZULU, na herufi hizo mbili huenda zikafungua majibu mawili ya wima. Katika fumbo la Kiswahili dalili za namna hii hukaa mwanzoni mwa neno, na kwa kuwa maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, konsonanti inayojitokeza katika kisanduku cha mwisho ni onyo kwamba kuna kosa mahali fulani.

Makutano ya majibu yanastahili kutazamwa kwa utulivu zaidi, kwa sababu si kila herufi iliyopatikana ni ushahidi. Chukua dokezo "mtu wa karibu", herufi 6. Umepata A katika kisanduku cha pili na I katika cha nne, nawe unaandika RAFIKI kwa kalamu ya wino. Lakini SAHIBU nalo lina A ya pili na I ya nne, kwa hiyo herufi hizo hazijakusaidia kuchagua kati ya hayo mawili. Kinachohitajika ni ya kwanza, ya tatu, ya tano au ya sita. Mfumbuaji makini hujiuliza ni kisanduku kipi kitakachotenganisha majibu mawili anayoyafikiria, kisha huenda kufanyia kazi jibu linalokikata hicho.

Katika magazeti ya Uingereza utakutana pia na mafumbo ambayo madokezo yake yana sura mbili: sehemu moja hutoa maana ya jibu, na nyingine huchezea herufi zake. Tuseme dokezo ni "Lima ovyo upate utajiri", herufi 4. Ukilisoma kama ushauri wa kilimo, halina mantiki. Ukiligawa, "utajiri" ndiyo maana, "ovyo" ni agizo la kuvuruga herufi za LIMA, na jibu ni MALI. Zoea kutafuta maana mwanzoni au mwishoni mwa dokezo, kwa sababu katika mafumbo ya aina hii maana haikai katikati.

Sasa tuje kwenye uhakiki. Wakati wa kufumbua, zungushia duara kila jibu uliloliandika kwa kubahatisha, hata kama baadaye lilionekana kuwa sahihi. Majibu yakichapishwa, andika kando ya kila duara sababu: hukulijua neno, ulilijua lakini dokezo lilikupoteza, au dokezo lenyewe halikutosha. Sababu ya kwanza hurekebishwa kwa kusoma, na ya pili kwa mazoezi. Ni ya tatu pekee inayomhusu mtunzi, na wanaoanza huitumia kupita kiasi kwa kuwa huchanganya ugumu na kasoro.

Fumbo gumu humpa mfumbuaji njia ya kufika, japo ndefu. Fumbo lenye kasoro humwacha bila njia. Kwa desturi ya Marekani, kila herufi huingia katika maneno mawili, la mlalo na la wima, na hakuna jibu lenye herufi chini ya 3. Sababu ya kulinda desturi hiyo ni haki: usipolijua neno moja, jingine likuokoe. Mtunzi akikutanisha majina mawili ya watu wasiojulikana sana katika herufi ambayo haiwezi kukisiwa, uokozi huo umeondolewa, na mhakiki ana wajibu wa kulisema hilo kwa kutaja kisanduku chenyewe. Kwa upande mwingine, katika majedwali ya Uingereza herufi nyingi huwa katika neno moja tu, na hiyo si kasoro, kwa sababu dokezo lenye sura mbili humpa mfumbuaji njia mbili za kulifikia jibu lilelile.

Kagua pia mada. Namaanisha wazo linalounganisha majibu marefu ya fumbo: ikiwa majibu marefu matatu yamefuata mchezo mmoja na la nne likaukiuka, eleza lilivyoukiuka. Taja vilevile dokezo lililokufurahisha na ueleze lilivyojengwa, kwa kuwa sifa isiyo na maelezo haimfundishi msomaji chochote. Waonye wasomaji kabla ya kufichua majibu. Muda uliotumia usiufanye kipimo cha ubora, kwani hutegemea uzoefu wako na uchovu wa siku hiyo, mambo ambayo mtunzi hakuyaweka katika jedwali lake.