Wafundisheni vijana wenu

Ndugu, umeuliza kama SACCOS yenu hapo Moshi iajiri mtaalamu wa usalama wa mtandao au iwanoe vijana wawili wa IT mlio nao. Wanoeni hao, mfumo wenu wanaujua tayari.

Tengeni kompyuta moja ya RAM GB 16, muweke VirtualBox (programu ya kuendesha kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta moja) na Wazuh (programu ya kukusanya na kukagua kumbukumbu za matukio ya kompyuta). Zote za bure, ila Wazuh peke yake inataka GB 8. Isiguse mtandao wa ofisi kabisa. Mmoja akosee nywila ya Windows makusudi mara 20, mwenzake aitafute kwenye kumbukumbu namba 4625, ambayo Windows huandika mtu akishindwa kuingia. Ikifuatiwa na 4624, yaani kuingia kulikofanikiwa, kutoka anwani ileile ya mtandao, mtu kaingia. Saa za kompyuta zisipolingana, mfuatano huo unaweza kuvurugika.

Tafadhali, wapeni muda wa saa mbili kila asubuhi wa kukagua kumbukumbu hizo. Wakishinda kutwa wakihangaika na printa, mafunzo yote yanapotea.