Kabla ya kuchora njia ya droni, jua pua imeelekea wapi

Tangu mwaka 2018, kampuni ya usafirishaji ya DHL, shirika la maendeleo la Ujerumani GIZ na watengeneza droni Wingcopter waliporusha dawa hadi kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria, kilomita 60 kwa takriban dakika 40, kila kijana mwenye droni Mwanza anataka kuvuka maji. Wakija kwangu huuliza programu ya kuchora njia. Mimi nawauliza habari ya dira.

Wadogo zangu, ndani ya droni kuna vihisio: jairoskopu hupima mzunguko upesi sana, ila makosa yake hujilimbikiza. Akselerometa huisahihisha kwa kuhisi uvutano wa dunia, hivyo droni inajua chini ni wapi. Lakini ukiigeuza pua kutoka Sengerema kwenda Ukerewe, chini haijabadilika! Hapo inabaki dira, nayo hudanganywa na chuma. Usiirekebishe dira (kalibresheni) kwenye sitaha ya kivuko, kando ya gari, wala juu ya zege lenye nondo. Tafuta udongo mtupu, simu na funguo viwe mbali. Ukiona droni haitulii hewani, inachora duara linalozidi kupanuka, ishushe mapema. Dira na GPS hazielewani.

Karibu na maji kuna mtego mwingine. Kamera ya tumboni hushika alama za chini ili droni isimame palepale, na mawimbi hayasimami. Inaweza kuyafuata. Msiruke chini chini juu ya ziwa.

Sasa njia yenyewe. Wengi hupenda alfajiri kwa sababu ziwa limetulia. Mimi naiogopa zaidi: upepo wa usiku hutoka nchi kavu, unakusindikiza kwenda, kisha unakukaba kurudi, betri ikiwa imepungua. Mchana huwa kinyume chake. Piga hesabu: droni ya mita 15 kwa sekunde, upepo wa mita 5, kilomita 3 kwenda na 3 kurudi. Dhidi ya upepo ni dakika 5, ukiwa nao dakika 2 na nusu. Bila upepo safari nzima ingekuwa dakika 6 na sekunde 40. Upepo haurudishi chote ulichochukua.

Kitufe cha kurudi nyumbani nacho hufuata mstari ulionyooka, kwa kimo kinachohesabiwa kuanzia uliporushia. Ukirushia ufukweni, vilima vya mawe vya Capri Point viko juu yako, basi panga kimo kupita kilele. Kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, kipatikane kwanza, na kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa, msiisogelee.